Semina ya siku mbili haimtoshi anayempokea mgonjwa wa akili mpakani

Mwezi Machi 2025, asubuhi moja, nilikuwa nikitembea kwenye barabara inayoelekea Petite Barrière hapa Gisenyi. Tairi la lori likapasuka. Wengi tulishtuka, tukatazamana, tukacheka kidogo kwa aibu, tukaendelea na safari. Si ajabu kushtuka. Miezi miwili tu ilikuwa imepita tangu Januari 27, siku Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na makombora yakavuka mpaka na kuua watu upande wetu wa Rubavu.

Lakini mama mmoja aliyekuwa na beseni la nyanya kichwani hakuendelea. Beseni lilianguka, naye akaketi palepale katikati ya njia, mikono imeziba masikio, akipumua kama mtu aliyekimbia kilomita kumi. Kelele zikaanza. Mmoja akasema ni kifafa, atafutwe kijiko. Mwingine akasema ni majini. Mwenye duka akataka aondolewe kwa sababu anazuia wateja. Kijana mmoja akammwagia maji ya chupa usoni, na hapo ndipo mama yule alipoanza kupiga mayowe.

Aliyemsaidia hakuwa daktari. Alikuwa ni muuza ndizi wa makamo ambaye, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, ni mjanama wa afya kijijini kwake. Aliwaomba watu wasogee nyuma, akaketi chini pembeni yake bila kumgusa, akamwambia kwa Kiswahili: "Mama, ni tairi. Uko Gisenyi. Mimi niko hapa na wewe." Akarudia maneno hayo mara nyingi. Baada ya kama dakika ishirini mama aliinuka, akaanza kuokota nyanya ambazo hazikupondeka, na watu wawili watatu wakamsaidia kuziokota.

Msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa kuwafunza watu wa mstari wa mbele, yaani wale wanaokutana na mgonjwa wa akili kabla daktari hajamwona, umekuwa ukisikika sana miaka hii. Kila mradi una kipengele chake cha mafunzo. Mimi si mganga, ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikasomea hukohuko hadi niliporudi nyumbani mwaka 1996 nikiwa na miaka 18. Ninaandika kwa sababu nami nilikwisha kufunzwa, nikapewa na cheti, na mafunzo yangu yalimuumiza mtoto wa watu. Hilo nitalieleza.

Tuanze na hali halisi ya nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 20.5 ya Wanyarwanda, yaani mtu mmoja kati ya watano, walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, idadi ilipanda hadi asilimia 52.2. Takwimu hizo zimetajwa mara nyingi. Zinazotajwa kwa nadra ni mbili nyingine za utafiti huohuo: asilimia 61.7 ya watu walijua kwamba huduma zipo, lakini waliowahi kuzitumia ni asilimia 5.3 tu.

Kwa hiyo tatizo letu si kwamba watu hawajui. Mtu anajua kuna hospitali ya Ndera. Anajua hospitali ya wilaya ina wauguzi wa afya ya akili, kwani huduma hizo zilianza kushushwa kutoka Kigali kwenda wilayani miaka mingi iliyopita. Anajua, na haendi. Kati ya nyumba yake na mlango wa hospitali kuna pengo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na daktari aliyeko upande wa pili. Linazibwa na mtu aliye upande huu: mjanama wa afya, mwalimu, mkuu wa kijiji, mwendesha pikipiki, kiongozi wa ushirika.

Ni haki kusema kwamba nchi yetu haikulala. Ukihudhuria maombolezo ya Aprili mahali popote, iwe Kigali uwanjani au hapa kwetu Komini Ruje, utawaona vijana waliofunzwa wakiwa tayari pembeni. Mtu akipatwa na ihahamuka, anachukuliwa kwa upole hadi mahali pa utulivu, anapewa nafasi ya kupumua, na anayezungumza naye anajua la kusema na la kutosema. Vyama kama ARCT-Ruhuka, kilichoanzishwa mwaka 1998 na washauri wa kiwewe, pamoja na Msalaba Mwekundu, vimejenga ujuzi huu kwa miaka mingi. Nchi nyingi zilizopata maafa hazina kitu cha aina hiyo.

Tatizo ni kwamba ujuzi wetu una kalenda na una lugha. Kalenda yake ni Aprili hadi Julai. Lugha yake ni Kinyarwanda. Mtu wa Rubavu anaweza kuanguka Novemba, na akaanguka kwa Kiswahili.

Hebu tuhesabu yaliyopita hapa. Novemba 1996, umati wa mamia ya maelfu ya watu ulipita mpaka huu kwa siku chache ukitoka kambi ya Mugunga na nyinginezo. Januari 2002, Nyiragongo ililipuka na watu wa Goma wakakimbilia kwetu. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa sababu ya Korona, na wanawake waliokuwa wakila kwa kuvuka kila siku wakabaki wakiitazama Goma kwa macho. Mei 22, 2021 Nyiragongo ikalipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba zetu. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mvua na mafuriko, pamoja na mto Sebeya uliofurika, yaliua zaidi ya watu 130 katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini. Kisha Januari 2025. Na miezi michache baadaye, Mei 2025, mamia ya Wanyarwanda waliokuwa Kongo wakarudi kupitia Goma, mama na watoto, wengine hawajawahi kuiona Rwanda tangu wazaliwe.

Anayerudi kutoka Masisi au Walikale hasemi neno ihahamuka. Ukimuuliza atakwambia "roho inapiga", au "niko na mawazo mingi", au "usingizi ilikataa". Aliyefunzwa kwa Kinyarwanda peke yake anasikia malalamiko ya mtu aliyechoka. Hajui kwamba ameambiwa jambo zito. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi hii tangu mwaka 2017, lakini karatasi zote nilizopewa mimi katika mafunzo zilikuwa za Kinyarwanda na Kiingereza.

Sasa kisa changu. Baada ya mlipuko wa 2021, shirika moja lilitualika walimu kwenye semina ya siku mbili. Hoteli nzuri, chai, posho ya usafiri, picha ya pamoja mwishoni. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema na mjuzi. Tulifundishwa dalili za kiwewe kwa watoto, na katika yote mimi nilishika moja: kwamba jeraha lililofungwa linaoza, hivyo mtoto asaidiwe kutoa lililo moyoni. Ijumaa jioni nilirudi nyumbani na cheti. Hakuna aliyerudi tena kuniuliza nakitumiaje.

Mwaka uliofuata alikuja darasani kwangu kijana wa miaka 15, amerudi na mama yake kutoka Masisi. Alikuwa akikaa kiti cha karibu na mlango na hakubali kuhamishwa. Mlango ukifungwa anaufungua. Kalamu ikianguka anaruka. Nikajisemea, haya ndiyo niliyofundishwa. Siku moja, katika somo la masimulizi, nikamwita mbele ya wenzake 50 nikamwambia atusimulie safari yake ya kurudi nyumbani, atoe lililo moyoni. Aliniheshimu kama mwalimu, akaanza. Alifika mahali pa mto na ndugu yake, akanyamaza. Nami, kwa ujinga wa mwenye cheti, nikamhimiza: "Endelea, mwanangu, usiogope." Alitoka nje mbio, akaruka ukuta, na hakuonekana siku mbili.

Mama yake alinijia siku ya pili. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Mwalimu, mulimufanya nini mutoto wangu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo linanirudia.

Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na jambo ambalo mwongozo huo unalisisitiza ni kutomlazimisha mtu kusimulia yaliyompata. Kazi ya anayetoa huduma hiyo ni tatu: atazame kama kuna hatari, amsikilize anayetaka kusema, amuunganishe na msaada. Muuza ndizi wa barabarani alifanya hivyohivyo. Mimi nilifanya kinyume chake, nikiamini kwamba natibu. Labda mwezeshaji wetu alilisema hilo siku ya pili baada ya chakula cha mchana, na mimi nilikuwa nasinzia. Inawezekana kabisa. Lakini mafunzo yanayoweza kuharibiwa na usingizi wa mwalimu mmoja, bila mtu wa kulibaini kosa, ni mafunzo yenye kasoro.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mafunzo bila usimamizi si nusu ya msaada. Yanaweza kuwa hatari kuliko kutofunzwa, kwa sababu asiyefunzwa huogopa na kuita mwingine, ilhali aliyefunzwa nusu hujiamini.

Na si kwamba nchi haijui njia nyingine. Wilaya ya Burera, inayopakana na Uganda, ilijaribu jambo tofauti katika miaka ya 2010, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la Partners In Health. Wauguzi wa kawaida wa vituo vya afya walifundishwa magonjwa machache: kifafa, sonona, kichaa, na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Baada ya hapo muuguzi mwenye utaalamu wa afya ya akili akawa anawatembelea kituoni mara kwa mara, anaketi pembeni wakati wanamhudumia mgonjwa, anatazama, na mgonjwa akitoka wanazungumza: hapa umeuliza vizuri, hapa umeharakisha, dawa hii punguza. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha wagonjwa wakipungukiwa na dalili, wengi wakirudi kazini, na mzigo wa familia zao ukipungua.

Walimu wenzangu wataelewa haraka. Ni sawa na mwalimu wa mazoezi. Huwezi kumpeleka darasani baada ya nadharia ya siku mbili na usimtembelee tena, halafu ushangae wanafunzi wakifeli.

Nchini Zimbabwe walikwenda mbali zaidi. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Bibi hao hawakuwa wauguzi. Waliketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kutafuta njia ya kulikabili. Jambo lililonivutia mimi kama mwalimu wa lugha ni kwamba walitumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wagonjwa 573, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini bibi wale nao walisimamiwa, na kesi nzito zilipelekwa juu.

Hata hapa tunayo Mvura Nkuvure, niponye nikuponye, iliyoanzia Byumba mwaka 2005. Majirani 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, manusura na aliyetoka gerezani wakiwa katika duara moja. Wiki 15, msomaji, si siku mbili.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa Kigali huenda wasilione mara moja, nalo ni mali kauli. Biashara yetu ndogo inaendeshwa kwa kuaminiana. Tajiri anakupa magunia matatu asubuhi bila karatasi, jioni unaleta fedha. Likijulikana neno kwamba fulani "kichwa chake si kizuri", asubuhi inayofuata hapati mzigo. Ndiyo maana mama mwenye dalili hatakwenda kituo cha afya cha mtaani kwake, ambako aliye kwenye foleni ni mwanachama mwenzake wa ushirika. Atavumilia, atakunywa kitu cha kumletea usingizi, au atavuka. Nawajua watu wa Gisenyi ambao kwa miaka walipendelea kwenda Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mabradha wa Upendo kule Goma. Huko walihudumiwa kwa Kiswahili, tena mbali na macho ya jirani.

Kwa hiyo somo la kwanza la mtu wa mstari wa mbele katika wilaya hii lisiwe dalili za ugonjwa. Liwe kufunga mdomo. Kiongozi wa ushirika anayejua kutambua sonona lakini hajui kutunza siri atamfilisi mgonjwa kabla hajamsaidia.

Wapo wanaopinga. Rafiki yangu mmoja, muuguzi, ananiambia: "Mwalimu, mnataka kumgeuza kila mwenye pikipiki kuwa daktari. Wajanama wenyewe wamelemewa. Wana malaria, wana lishe ya watoto, wana wajawazito, na bado mnawaongezea." Anasema kweli. Wajanama wetu ni wa kujitolea, na kila mradi unaokuja unawaongezea daftari jingine. Ndiyo sababu napendekeza watu wachache zaidi, waliochaguliwa vizuri, na wanaotembelewa. Katika ushirika wa wauza mboga atafutwe mama mmoja ambaye wenzake humwendea hata sasa wakiwa na shida. Kati ya walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, ambao kwa kawaida huona kila anayepita, atafutwe mmoja. Katika kila shule, mwalimu mmoja. Katika vituo vya mpito vinavyopokea wanaorudi, kama Nkamira hapa Rubavu na Kijote kule Nyabihu, awepo anayesikia Kiswahili cha Kongo. Tena kila mmoja wao awe na namba moja ya simu ya muuguzi anayejulikana kwa jina, anayepokea, na anayekuja mara moja kwa mwezi kuketi naye.

Fedha? Hesabu yake si ngumu. Kwa bei za semina ninazozijua, gharama za hoteli na posho za watu 60 kwa siku mbili zingelipa nauli za muuguzi mmoja kuwatembelea watu 15 kwa muda mrefu. Ila ziara hazina picha ya pamoja. Nimesoma ripoti kadhaa za miradi zilizopita mikononi mwangu, na karibu zote zinahesabu "waliofunzwa". Sijakuta hata moja inayohesabu waliotembelewa baada ya miezi sita, wala wagonjwa waliofika hospitalini kwa mkono wa waliofunzwa. Wilaya inapoandaa imihigo yake, kinachohesabiwa ndicho kinachofanyika. Kikibadilishwa kipimo, kazi nayo itabadilika.

Kijana wangu alipatikana siku ya tatu upande wa Nyundo. Mwendesha pikipiki mmoja alimwona ameketi chini ya mti wa barabarani, akamnunulia andazi, akakaa naye hadi akasema jina la shule. Alianza kuonwa na muuguzi wa kituo cha afya ambaye alikuwa na mtu wa kumpigia simu hospitali ya wilaya anapokwama. Ilichukua zaidi ya mwaka. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, jambo ambalo kwa mwalimu wa kizazi changu si jepesi. Alimaliza kidato cha tatu nami, akikaa kiti kilekile cha karibu na mlango, na mlango ukiwa wazi hata siku za mvua.

Mwezi uliopita wanawake wa ushirika mmoja wa mpakani waliniomba niwaandikie barua ya kuomba mafunzo. Niliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Wameomba mambo matatu: wafundishwe kwa lugha wanayoiongea, watu wawili tu kati yao ndio wafundishwe, na anayefundisha arudi. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Tunasubiri majibu.